Kutunza seva ya majina: tenganisha kwanza, kisha sasisha mapema

Seva ya majina ya vikoa (DNS), yaani ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, husahaulika kwa urahisi, kwa sababu ikishasanidiwa vizuri huendelea kufanya kazi kimya kimya kwa miaka, huku msimamizi akihangaika na barua pepe, tovuti na malalamiko ya watumiaji. Katika kusimamia mitandao ya taasisi za elimu hapa Tanzania nimekuta mara nyingi mashine ambayo kila idara inaitegemea, lakini hakuna anayejua ni nani aliyeisimika wala ni toleo gani la programu lililomo ndani yake. Ushauri huu unahusu hasa BIND, programu ya seva ya majina iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980 na ambayo leo inatunzwa na Internet Systems Consortium, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu zaidi. Hata hivyo mengi yatawafaa pia wanaotumia programu nyingine kama Unbound, PowerDNS au Knot.

Kabla ya kuzungumzia masasisho, tazama seva yako inafanya kazi gani. Seva moja hujibu maswali ya dunia nzima kuhusu vikoa unavyovimiliki mwenyewe, na nyingine huwatafutia watumiaji wako majina ya vikoa vya watu wengine na kuhifadhi majibu katika kache, yaani hifadhi ya muda. BIND inaweza kubeba kazi zote mbili katika mashine moja, na mafundi wengi huiacha hivyo ili kubana matumizi. Mimi naona akiba hiyo ni ya uongo. Ukisoma matangazo ya usalama ya programu hizi utaona kwamba mengi yanaigusa seva ya kutafuta, kwa maana ndiyo inayopokea data kutoka kwa seva za watu isiowajua na kulazimika kuichambua. Mfano mzuri ni udhaifu ulioitwa KeyTrap, uliotangazwa Februari 2024 na watafiti wa kituo cha ATHENE cha Ujerumani: pakiti moja iliyotungwa kwa hila iliweza kuilemea kwa hesabu seva inayohakiki sahihi za DNSSEC (sahihi za kidijitali zinazothibitisha kwamba jibu la jina ni la kweli) hadi ikashindwa kuwahudumia wengine. Seva ambayo kazi yake ni kujibu kuhusu zoni zake tu, yaani vikoa inavyovisimamia, haikuwa katika hatari hiyo, kwa hiyo aliyekuwa ametenganisha kazi hizo mbili alijua mara moja ni mashine ipi ya kuikimbilia.

Kutenganisha, hata hivyo, hakumwondolei mtu wajibu wa kusasisha. Julai 2015 ulitangazwa udhaifu wenye namba CVE-2015-5477 (CVE ni orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu), ambao kwa swali moja tu la aina ya TKEY, linalotumika kukubaliana funguo za siri, ulitosha kuizima BIND, iwe inatafuta au inajibu. Orodha za kuruhusu na kukataa wateja hazikusaidia kitu, kwa sababu kosa lilitokea kabla programu haijafikia hatua ya kuziangalia. Dawa ilikuwa moja tu, yaani kusimika toleo jipya.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya hutokea mara moja kwa muongo. Mwaka 2008 mtafiti wa usalama Dan Kaminsky alionyesha jinsi kache inavyoweza kutiliwa sumu, yaani kuingiziwa majibu ya uongo, kwa kuwa kitambulisho cha swali kina uwezekano wa namba 65,536 pekee, na mshambuliaji mwenye haraka anaweza kuibahatisha kabla jibu la kweli halijafika. Tiba iliyosambazwa Julai mwaka huo ilikuwa kulitoa kila swali kupitia poti (namba ya mlango wa mawasiliano) isiyotabirika. Miaka 17 baadaye, Oktoba 2025, watunzaji wa BIND walitoa matoleo mapya kwa sababu, pamoja na mambo mengine, njia iliyotumika kuzalisha namba hizo za nasibu ilikuwa dhaifu kiasi kwamba poti na kitambulisho viliweza kukisiwa. Ni mlango uleule, umefunguliwa kwa ufunguo mwingine.

Sasa namba za matoleo, ambazo huwachanganya hata wenye uzoefu. Katika BIND 9, tangu toleo la 9.13, namba ya pili ikiwa shufwa, kama 9.18 au 9.20, toleo hilo ni la kutumiwa kazini. Ikiwa witiri, kama 9.19 au 9.21, ni la majaribio. Toleo la 9.11, la kazini lililotangulia utaratibu huo, liliacha kutunzwa Machi 2022, na la 9.16 Aprili 2024. Usikimbilie kuhukumu kwa namba pekee, kwani Red Hat na Debian huchukua viraka vya usalama na kuvitia katika toleo la zamani bila kubadilisha namba yake kuu. Mashine ya Red Hat Enterprise Linux 8 inaweza kuonyesha 9.11 na bado ikawa imezibwa ipasavyo. Soma orodha ya mabadiliko ya kifurushi, kwa amri ya apt changelog bind9 au rpm -q --changelog bind, na utafute namba ya CVE inayokuhusu. Anayestahili kuogopa ni yule mwenye 9.11 juu ya CentOS 7, mfumo uliofikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Huyo hana mfumo wa kusasisha, anao wa kuhama. Kuhusu kuficha namba ya toleo ili wadukuzi wasiione, fanya ukipenda, lakini mshambuliaji anayetuma pakiti kwa kila anwani haulizi kwanza.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Nimejiandikisha kupokea matangazo ya watunzaji, na kwa kuwa BIND hutoa matoleo kwa kawaida katikati ya mwezi, nafasi ya kazi hiyo imo katika kalenda yangu hata kabla tangazo halijafika. Kwanza nahifadhi nakala ya usanidi na ya zoni, kisha napitisha amri ya kukagua usanidi, named-checkconf -z, ili makosa yajitokeze wakati huduma bado iko hewani. Naanza na seva ya pili, ile inayonakili zoni kutoka seva kuu, kamwe si ile kuu yenyewe. Nikishaisasisha naiuliza kwa amri ya dig, nalinganisha namba ya mfululizo katika rekodi ya SOA (inayoonyesha zoni iko katika nakala gani) na ile ya seva kuu, na kwa amri ya rndc status nathibitisha kwamba toleo linaloendeshwa ndilo lililosimikwa, kwani kifurushi kinaweza kubadilika diskini huku mchakato wa zamani ukiendelea kuishi. Hufanya hivyo asubuhi ya siku ya kazi. Desturi ya kusasisha Ijumaa jioni sijawahi kuielewa.

Umeme wetu nao una somo lake. Uhakiki wa DNSSEC hutegemea saa, kwa sababu kila sahihi ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine yenye betri iliyokufa kwenye ubao mama, ikizimika na kuwaka, huamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita na kuzikataa sahihi halali. Nayo huduma ya kusawazisha saa inashindwa kumpata mwenye saa sahihi, kwa sababu imeandikiwa jina, na jina haliwezi kutafutwa hadi saa iwe sawa. Kwa hiyo, katika usanidi wa saa, weka angalau chanzo kimoja kwa anwani ya IP.

Yaliyobaki ni mafupi. Ruhusu utafutaji kwa mtandao wako tu kupitia mpangilio wa allow-recursion, maana seva zilizo wazi ndizo zilizotumiwa kukuza shambulio dhidi ya Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, Machi 2013. Ruhusu uhamishaji wa zoni kwa seva ya pili pekee, kwa ufunguo wa TSIG, yaani siri inayoshirikiwa na seva hizo mbili ili zitambuane. Wala usiiendeshe BIND kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mwenye uwezo wote.

Iko tarehe moja ya kuandika kalendani. ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, imepanga kubadilisha ufunguo mkuu wa zoni ya mzizi, ambao uhakiki wote wa DNSSEC huanzia kwake, tarehe 11 Oktoba 2026. Ufunguo mpya, wenye kitambulisho 38696, ulianza kuchapishwa Januari 2025, na BIND iliyosanidiwa kwa dnssec-validation auto huuchukua yenyewe. Seva iliyoandikiwa ufunguo wa zamani kwa mkono haitauchukua, na baada ya badiliko itawanyima watumiaji wake majina yote. Endesha rndc managed-keys status leo, uone kama 38696 imo katika orodha na inaaminiwa.