Kung'arisha gari kwa mashine: anza na boneti

Mdogo wangu, umeuliza kama mashine ya kung'arishia uliyonunua unaweza kuijaribu mwenyewe kwenye gari lako jeusi bila kuharibu rangi. Unaweza, ila usivamie gari zima.

Huku Mtwara adui ni mchanga na chumvi ya bahari. Osha, kausha, kisha vaa mfuko wa mkate mkononi upapase boneti. Ukisikia chembechembe, uchafu bado umeng'ang'ania, na sponji ya mashine itauburuza ikuchoree mikwaruzo mipya.

Bati liwe limepoa, gari kivulini (cha mkorosho hapana, utomvu wake utakupa kazi nyingine). Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50, sponji laini, matone manne ya polishi isiyo kali. Isambaze kabla ya kuwasha, la sivyo itakurukia usoni. Mashine ilale bapa, usiikandamize, iende polepole. Futa, tazama kwa tochi. Kingo zibandike tepu ya karatasi: hapo rangi ni nyembamba, mimi niliwahi kuitoboa ukingo wa mlango kwa pupa.

Mkwaruzo unaonasa ukucha uache. Huo ni wa fundi rangi.