Kutembea porini kwa miguu ukanda wa Tunduru: jibu kwa aliyeuliza kuhusu simba

Mdogo wangu, umesema mwezi wa tano unaingia Tunduru na kikosi cha kupima mipaka ya vijiji, wiki mbili kwa miguu, na unauliza ukikutana na simba njiani ufanyeje. Nimefanya kazi ya askari wa wanyamapori wa kijiji kwenye ushoroba wa Selous-Niassa, njia ya wanyama kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, miaka tisa, na kabla ya hapo nilikuwa narina asali pori hilohilo. Naomba nikujibu kwa kirefu, maana nimeshiriki kubeba majeruhi na sitaki tukubebe na wewe.

Simba wa mchana mara nyingi anakusikia kabla hujamwona na anaondoka zake. Usiku ndio unaoua. Watafiti waliofuatilia matukio haya walikuta simba wameua zaidi ya watu 560 Tanzania kuanzia 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hali ilikuwa mbaya zaidi huku kusini. Kilele ni Machi hadi Mei, wakati wa mavuno. Nguruwe pori wanaingia mashambani, simba anafuata nguruwe, na mkulima yuko pale kwenye dungu analinda mahindi yake. Kwa hiyo wewe unakuja msimu wenyewe. Kuwa makini zaidi mnapolala karibu na mashamba kuliko mkiwa katikati ya pori.

Halafu kuna mwezi. Wazee wetu walikuwa wakisema ukishapevuka, usitoke nje. Watafiti haohao walipopitia mashambulizi ya miaka ya 1988 hadi 2009 wakakuta hivyohivyo: siku kama kumi zinazofuata mwezi mpevu ndizo mbaya kuliko zote. Siku za mbalamwezi simba anawinda kwa shida kwa sababu wanyama wanamwona. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, giza la jioni linamkuta ana njaa, na saa zile za magharibi mpaka saa nne usiku watu bado wako nje. Siku hizo fanyeni haja kabla jua halijazama, pikeni mapema, na kila mtu awe ndani ya hema, zipu imefungwa mpaka chini. Joto likizidi, vumilia. Usilale kichwa kikiwa mlangoni wala nje kando ya moto. Fisi naye humng'ata usoni mtu aliyelala wazi. Nyama isitundikwe kambini.

Sasa la njiani. Siku moja tulikuwa wanne tunashuka kwenye korongo la mchanga, nyasi zinatufika mabegani. Mzee wetu aliyetangulia akainua mkono. Mbele kama hatua 25, chini ya mkwaju, simba jike amesimama anatutazama, na nyuma yake majani yanatikisika. Watoto. Akaunguruma kwa chini, sauti unayoisikia kifuani. Masikio yakalala, mkia ukapiga huku na huku, kisha akaja mbio. Kijana wa nyuma yangu akageuka. Mzee bila kugeuza shingo akasema, "Mshikeni." Nikamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili, namsikia anavyotetemeka. Yule jike akafunga breki hatua kama kumi hivi, mchanga ukaruka.

Tulisimama tumebanana, fimbo juu, mzee anamkaripia kwa sauti nzito, macho kwa macho. Alipotulia tukarudi nyuma hatua moja. Alipoinua kichwa tukasimama. Hatua nyingine. Ilichukua karibu robo saa kutoka pale. Lile jike lilikuja kututisha tu, lakini kijana yule angekimbia, mambo yangebadilika, kwa sababu kinachokimbia simba hukifukuza. Hilo mlizungumze kambini kabla ya safari na mpange nani atamshika nani. Mtu haamui jambo hilo simba akiwa anakuja.

Chui ni tofauti. Ukimwona amejibana kwenye mwamba au juu ya mti, usimkazie macho. Pita kama hujamwona, taratibu, ukimwachia njia ya kuondoka.

Jifunze kusoma chini. Unyayo wa simba ni mkubwa kama kiganja na hauonyeshi kucha. Wa fisi kucha zinaonekana. Kingo zikiwa kali na hakuna alama za wadudu juu yake, amepita sasa hivi. Ukiona tumbusi wanatua mahali pamoja, zunguka mbali, huenda kuna mzoga na mwenyewe hajashiba. Nyani wakipiga kelele wote wakitazama upande mmoja, simameni.

Na kama mtaongozana na warina asali, angalieni mlembe, ndege anayeonyesha asali. Ndege yule anakuita, unamfuata ukitazama matawi juu, miguu inakwenda yenyewe kwenye kichaka. Nilijikuta hivyo mbele ya nyati dume. Sisi tuliweka utaratibu: mmoja anafuata ndege, mwingine anatazama chini na mbele tu. Nyati na tembo, ingawa hukuwauliza, ndio mtakaokutana nao mara nyingi zaidi, basi kwenye nyasi ndefu ongeeni na gongeni fimbo.

Maji ya mtoni msichote sehemu ileile kila siku kwa saa ileile. Mamba anashika ratiba ya mtu. Chota kwa ndoo yenye kamba ukiwa umesimama mbali na ukingo.

Mwombeni mwenyekiti wa kijiji askari wa kijiji mwenye bunduki, na mpitie kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla hamjaingia. Ukishajua tarehe kamili ziweke hapa, nitazilinganisha na mwezi nikwambie siku zipi mlale kijijini.