Ramani ya udongo inasema hivi, shamba langu je? Majibu kwa wakulima wa Dodoma na Singida

Swali: Nimeona kwenye simu ramani ya iSDAsoil, inaonyesha huku kwetu Kongwa fosforasi iko chini. Ninunue tu DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi?

Subiri kwanza. Ile ramani ni nzuri na ni ya bure, imeigawa Afrika vipande vya mita 30 kwa 30, ila hakuna mtu aliyechimba kila kipande, kompyuta inakadiria kwa picha za setilaiti na sampuli zilizochukuliwa huku na kule. Kona yako palipokuwa na zizi la ng'ombe zamani haiijui. Itumie kujua uanze kuuliza nini, mbolea nunua ukishapima.

Swali: Jirani kachimba shimo moja katikati ya shamba akapeleka udongo maabara kupima. Inatosha?

Hapana, na hapa ndo hela za wengi zinapotea! Tembea zigizaga, chimba sehemu 10 mpaka 15, kina sentimita 20, ruka kichuguu, chini ya mti, njia ya mifugo na pale mlipochomea mabua. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, ya bati hapana maana ina zinki na itaingia kwenye majibu, toa mawe na mizizi, anika kivulini, funga kama nusu kilo andika jina na shamba. Kama juu ni kichanga na bondeni ni mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, hizo ni sampuli mbili, usizichanganye jamani. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, wanapima, na chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro pia.

Swali: Alizeti yangu vichwa vina mapengo katikati. Ni upungufu wa boroni, kile kirutubisho cha udongo?

Inawezekana, alizeti inaumia haraka boroni ikipungua na udongo ukikauka mizizi inashindwa kuivuta. Ila nyuki wakiwa wachache mapengo yanatokea vilevile. Pima kabla ya kuweka, boroni ikizidi kidogo tu inageuka sumu.

Swali: Majibu yamekuja, naitrojeni na fosforasi zote chini, hela ya mifuko sina na mvua hazieleweki.

Usimwage shamba zima. Wakulima wa uwele kule Niger wanaweka kizibo cha soda, kama gramu 6 za NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kwa kila shimo, na wanavuna zaidi ya asiyeweka kitu. Na wewe tia samadi iliyooza shimo hilohilo, inashika unyevu. Urea ya kukuzia weka udongo ukiwa umelowa, mvua ikikata ngoja.