Mpwa Wangu Alijaribu Kujiua: Je, Bado Nifiche?

Tangu tarehe 9 Januari 2025, siku ambayo Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kujaribu kujiua hakuwezi tena kuhesabiwa kuwa kosa la jinai, barua zinazoletwa kwenye ukurasa huu zimebadilika. Awali walioandika walimtaja jirani, au rafiki wa rafiki. Sasa wanaandika juu ya watoto wao wenyewe. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika ana kazi ya kufanya leo, kabla hata hajamaliza kusoma.

SWALI: Mshauri, ninaishi karibu na Bungoma na ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye sasa ana miaka 22. Mwaka 2023 alijaribu kujiua. Tulimkimbiza hospitali, lakini njiani mume wangu alinionya nisiseme ukweli kwa kuwa polisi wangeitwa, hivyo nikamwambia nesi kwamba ilikuwa ajali. Walitibu kile kilichoonekana, wakaturuhusu kurudi nyumbani baada ya siku mbili, na tangu hapo hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyelitaja jambo lile. Juzi alimpa mwanangu wa mwisho viatu vyake vya mpira, vile alivyovinunua kwa pesa za kibarua na ambavyo hakuruhusu mtu hata kuvigusa. Nilisikia redioni kwamba sheria ile imeondolewa. Ni kweli? Na nikimuuliza waziwazi, sitakuwa ninamkumbusha alichokwisha kusahau? (Shangazi, Bungoma)

JIBU: Shangazi, niruhusu nianze na viatu, kisha nitakuja kwenye sheria.

Kijana aliyewahi kujaribu kujiua anapogawa kitu alichokipenda kuliko vingine vyote, bila sababu inayoeleweka, hiyo ni dalili isiyongoja mwisho wa wiki. Yawezekana viatu vimeanza kumbana tu. Lakini hilo hutalijua mpaka umuulize, na usimuulize kwa kuzunguka. Mkae mahali ambapo watoto hawawasikii, labda mnapochambua mboga au mnapotoka kisimani, kwa maana vijana wengi husema zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa hayatazamani. Mwambie: “Mwanangu, nimeona umegawa viatu vyako, na nimeona umenyamaza siku hizi. Je, unafikiria kujiua?” Litamke neno lenyewe. Ukiuliza, “Huna mawazo mabaya, sivyo?” utakuwa umemfundisha jibu unalotaka kulisikia, naye atakupa.

Hofu yako kwamba swali litampandia wazo ni hofu ya wazazi wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya wanayo. Imechunguzwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wanafunzi zaidi ya 2,000 wa shule za sekondari katika jimbo la New York, Marekani, waligawanywa katika makundi mawili, kundi moja likaulizwa waziwazi kuhusu kujiua na lingine lisiulizwe. Walioulizwa hawakuonyesha dhiki zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua kuliko wenzao. Na miongoni mwa waliokuwa na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, walioulizwa walionekana kuwa na nafuu kidogo. Kijana wako hajasahau, Shangazi. Amekuwa akikumbuka peke yake kwa muda wote huu, ndani ya nyumba ambayo kila mtu anakumbuka na hakuna anayesema.

Akijibu kwamba ndiyo, anafikiria, usimkemee, usimtajie aibu ya ukoo, wala usimwambie wako wenye shida kubwa kuliko zake. Mshukuru kwa kukuambia. Muulize maumivu yameanza lini na ni nini kinachomlemea, kisha usikilize bila kukimbilia kujibu. Usimwache peke yake siku hiyo. Dawa zote za nyumbani na dawa za shambani zitolewe ndani ya nyumba na kufungiwa mahali asipoweza kupafikia, ama zipelekwe kwa jirani unayemwamini. Jambo hili huonekana dogo, lakini mimi ninalihesabu miongoni mwa makubwa kabisa: kwa watu wengi wimbi la kutaka kufa hupanda na kushuka katika muda mfupi, pengine saa chache tu, na anayekosa njia wakati wimbi limepanda mara nyingi hupona, wala hatafuti njia nyingine. Nchini Sri Lanka, baada ya serikali kupiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili ndani ya takriban miaka ishirini, ingawa matatizo ya maisha ya wakulima hayakuisha.

Kisha mpeleke hospitali, na safari hii mwambie nesi ukweli.

Hapa sasa ndipo sheria inapoingia. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilisema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa, na adhabu yake ilikuwa hadi miaka miwili jela, au faini, au vyote viwili. Kesi ya kukipinga ilifunguliwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na mwanaharakati wa afya ya akili. Jaji Lawrence Mugambi alikubaliana nao: kifungu hicho kilikuwa kikimwadhibu mtu kwa hali inayotokana na afya yake, kikimvunjia heshima yake ya utu, na kikimzuia kuifikia haki ya matibabu ambayo Katiba inampa kila mtu katika ibara ya 43. Akakitangaza kuwa ni batili kwa kukiuka Katiba. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, ulichosikia redioni ni kweli. Kinachobaki kuwa kosa, na kosa zito, ni kumshawishi au kumsaidia mtu mwingine ajiue. Hilo haliwahusu ninyi mnaotaka aishi.

Ninaelewa kwa nini mume wako alikuonya, wala simlaumu. Alikuwa akimlinda mtoto dhidi ya pingu. Ila angalia uongo ule uliwagharimu nini. Nesi aliyeambiwa kuwa ni ajali hakuwa na sababu ya kumwita daktari wa magonjwa ya akili. Hakuna aliyempima kijana kama ana sonona, hakuna aliyempangia siku ya kurudi kliniki, na mliporudi nyumbani mlirudi na jeraha lililofungwa bendeji na ugonjwa ambao haukuguswa. Katika nyumba ngapi jambo hilohilo limetokea, kwa sababu ya kifungu kimoja cha maneno machache? Hasira yangu juu ya kifungu kile inatoka hapo, kwani hakikuwa maandishi ya kukaa kwenye rafu tu: kiliingia ndani ya gari mlilompakia kijana na kukaa kati yako na nesi.

Si lazima umpeleke hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi. Hospitali kubwa ya kaunti ndiyo pa kuanzia. Uliza kliniki ya afya ya akili, na umwambie daktari mambo matatu bila kupunguza: kwamba aliwahi kujaribu mwaka 2023, kwamba amegawa viatu, na alichokujibu ulipomuuliza. Akipewa dawa za sonona, jueni mapema kwamba kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wengi huziacha katika wiki hizo wakidhani hazifanyi kazi. Usiku ukikutana na jambo usiloliweza, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Lakini ukimwona yuko katika hatari ya saa ile ile, usipige simu ukangoja, mfikisheni hospitali.

Baada ya hospitali kazi ni yenu. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuratibu utafiti katika nchi tano, yaani Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, ukihusisha watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo ya takriban saa moja kabla ya kuondoka hospitali, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara tisa katika muda wa miezi kumi na minane. Mwishoni, waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2, na katika kundi la pili asilimia 0.2. Mara tisa tu, Shangazi, na waliofanya hivyo walikuwa wageni kwa wagonjwa wale. Wewe unakaa naye nyumba moja. Mtafute na mwalimu wake wa zamani, au kaka mkubwa wa jirani, mtu anayemheshimu, mgawane zamu ya kumjulia hali, ili siku wewe ukichoka asibaki bila mtu.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Nikisahihisha madaftari nilikuta mwanafunzi wa kidato cha pili ameandika ukurasa wa nyuma kwamba hataki kuendelea kuishi. Walimu wenzangu wamenishauri nichane ule ukurasa na kunyamaza, kwa kuwa kwetu Tanzania jambo hili bado ni kesi. Nifanye nini? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wenzako wana nusu ya ukweli. Uamuzi wa Nairobi hauvuki mpaka, na kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kuwa kujaribu kujiua ni kosa. Lakini soma neno lenyewe: kujaribu. Kufikiria si kosa, kuandika uchungu kwenye daftari si kosa, na mwalimu anayemwita mwanafunzi kando na kumuuliza amelemewa na nini havunji sheria yoyote. Ukurasa ule usiuchane. Msichana au mvulana yule aliandika kwenye daftari alilojua kwamba utalisahihisha.

Muite leo, si baada ya mitihani. Muulize kama nilivyomweleza Shangazi hapo juu. Usimuahidi kwamba utaitunza siri kwa kila mtu. Mwambie kwamba utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia, na umtajie ni nani. Kisha mshirikishe mwalimu wa malezi na mzazi au mlezi, isipokuwa kama mtoto amekueleza kwamba anayemuumiza yuko nyumbani, kwani hapo itabidi aanze kuhusishwa ofisa wa ustawi wa jamii. Mwende naye hospitali ya mkoa. Daktari anamwona mtoto mgonjwa, hamwoni mtuhumiwa.

Kuhusu sheria yenyewe, inafaa ujue ilikotoka ili usidhani ni mila yetu. Ni urithi wa Waingereza, kama kilivyokuwa kile cha Kenya, na Uingereza yenyewe ilikwisha kuifuta kwake mwaka 1961, kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa mwezi Desemba mwaka huohuo. Tumebaki tukiwaadhibu wagonjwa wetu kwa sheria ambayo wenyewe waliikataa. Ghana, iliyorithi sheria kama hiyo, iliifuta mwaka 2023 kupitia Bunge. Ninatamani sana kuona Bunge la Dodoma likifanya hivyo, hasa kwa kuwa Dodoma ndiko iliko Mirembe, hospitali ambayo kwa miongo mingi imewapokea wagonjwa wa akili kutoka pande zote za nchi.

SWALI: Ninasoma taarifa za habari katika redio ya jamii huku Kwale. Mtu akijiua kijijini, wasikilizaji hupiga simu wakitaka tueleze alivyofanya na barua aliyoacha. Mhariri wangu anasema habari ni habari. Je, namna tunavyoisoma inaweza kudhuru? (Msomaji wa habari, Kwale)

JIBU: Inaweza kudhuru, na inaweza pia kuokoa. Mjini Vienna, Austria, baada ya njia ya treni ya chini ya ardhi kufunguliwa, magazeti yalizoea kueleza kwa kina na kwa vichwa vikubwa kila kisa cha mtu aliyejiua humo, na visa vikazidi kuongezeka. Katikati ya mwaka 1987 wahariri walikubaliana na wataalamu kubadili uandishi huo. Visa katika treni hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mwaka uleule.

Kwa hiyo, usitaje njia aliyotumia wala mahali hasa, usisome barua aliyoacha, na usiseme alijiua “kwa sababu ya mapenzi” au “kwa sababu ya deni”, kana kwamba kifo kina sababu moja na deni lina dawa moja. Habari isiwe ya kwanza katika taarifa. Acha pia maneno kama “alifaulu” au “alishindwa kujiua”. Badala yake, mtafute mtu aliyewahi kufika ukingoni akarudi, naye akubali kusimulia kilichomrudisha. Masimulizi ya namna hiyo yameonekana kuwasaidia wasikilizaji walio katika hali kama yake. Na kila mara, kabla ya kufungua habari inayofuata, taja wapi msaada unapatikana, polepole, mara mbili, ili aliye gizani bila kalamu aweze kuishika namba kichwani.