Togwa ya bia ifunge ikiwa moto, usiku uipoze

Jumamosi moja ya Februari, hapa Perth, nilikaa uani kwa saa moja na nusu nikikodolea macho kipimajoto. Nje kulikuwa na nyuzi 39. Mbele yangu sufuria ya lita 20 za togwa ya shayiri, yaani maji matamu ya kimea kabla hayajatiwa hamira, niliyotoka kuiepua, na ndani yake koili ya shaba, maji ya bomba yakiingia upande huu na kutokea upande ule. Robo saa ya kwanza ilinipa moyo, maana kutoka nyuzi 100 tulishuka hadi 50. Baada ya hapo ikaanza kutambaa: 40, 35, 33, 31. Ikagoma hapo hapo. Nikaweka kipimajoto chini ya bomba lenyewe, nikakuta maji yanatoka na nyuzi 26. Maji ya namna hiyo hayawezi kukufikisha kwenye 19 hata ukiyafungulia mpaka kesho, na hamira yangu ilitaka 19.

Kilichoniuma zaidi ni maji yaliyopotea. Ndoo nilizojaza zilizidi lita 100. Huu ni mji ambao kumwagilia bustani kwa mitambo kumepangiwa siku mbili kwa wiki, na kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Agosti ni marufuku. Nilikua nikibeba maji kichwani kutoka mferejini, kwa hiyo kuona maji safi yakikimbilia mtaroni ili mimi nipate chupa chache za bia kulinikosesha raha kabisa.

Mzee jirani yangu, ambaye ametengeneza bia nyumbani kwake kwa miaka mingi, aliniona juu ya uzio nikihangaika. Akaingia ndani kwake, akarudi na dumu la plastiki la mraba, lile la kubebea maji ya kambini. Akaniambia: mara nyingine usipoze. Mimina humu ikiwa moto, funga, nenda kalale.

Nikamkumbuka mama. Kwetu Moshi, mama alipopika mbege, uji wa kimea cha ulezi, yaani mso, ulitoka jikoni ukichemka na hakuna aliyekimbizana nao. Ulifunikwa vizuri, ukaachwa upoe wenyewe. Alichokuwa mkali nacho ni mfuniko na vyombo. Ukichota kwenye chombo chake kwa kata uliyotoka kunywea maji, utajuta. Nimesoma mambo mengi ya bia tangu nihamie huku, lakini kitu hiki nilikuwa nacho tangu utotoni, nikakisahau kwa sababu ya koili ya shaba inayong'aa.

Naandika haya hasa kwa ajili ya mdogo wangu aliye Dar, ambaye ameanza kuchemsha shayiri na kuniuliza atapozaje wakati maji ya simtanki yake mchana ni kama ya kuogea. Jibu langu ni hili la dumu. Lakini lina masharti yake, na sharti moja ni la uhai, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Kwanza ujue kwa nini watu wanakazana kupoza haraka. Togwa ikiwa moto sana hakuna kijidudu kinachoweza kuzaliana ndani yake. Ikishuka chini ya nyuzi 60 na ikawa wazi, kila kinachopeperuka hewani kinapata chakula kitamu, na hamira yako haijaingia bado kupigania nafasi. Kupoza haraka kunafupisha kipindi hicho cha hatari. Dumu linafanya kazi ileile kwa njia nyingine: togwa inaingia ikiwa juu ya nyuzi 85, inaunguza kuta za dumu na kifuniko chake, na kwa kuwa hakuna mlango, hakuna kinachoingia inapopoa. Iwe saa mbili au kumi na mbili, haijalishi sana.

Ipo njia ya barafu pia, na watu huiuliza. Piga hesabu. Kushusha lita 20 kutoka 100 hadi 20 kwa barafu peke yake kunahitaji kama kilo 16 za barafu, zote ziyeyuke mpaka maji yake yafike nyuzi 20. Nani ana friza ya kutoa kilo 16? Barafu nzuri ni ile ya kumalizia, si ya kuanzia.

Sasa dumu lenyewe. Geuza kitako chake utafute alama ya pembetatu yenye namba 2. Hiyo ni plastiki ngumu inayovumilia togwa ya nyuzi 90, na iwe ya kuhifadhia chakula au maji. Plastiki yenye namba 1, kama chupa za maji na soda, hujikunja ikikutana na joto hilo. Chupa kubwa ya kioo usiithubutu hata kidogo. Kioo kikipigwa na moto wa ghafla hupasuka, na utakuwa umesimama na lita 20 za kitu kinachochemka miguuni. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, dizeli au dawa ya shambani halifai hata likioshwa mara mia. Kama lina bomba dogo la kufungulia, lifungue vipande vyote ulioshe ndani, kwa maana uchafu hujificha kwenye nyuzi za skrubu. Dumu lisilo na bomba ni bora zaidi, na ndilo ninalotumia.

Nikizima moto, sikimbilii kumimina. Nakoroga togwa kwa nguvu mpaka izunguke, nafunika, nasubiri dakika 10 hadi 15. Mashapo ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na yale mabonge ya protini yanajikusanya katikati ya sufuria, na joto linashuka kidogo kutoka kuchemka hadi nyuzi 90 na kitu. Halafu nafungulia bomba la sufuria, togwa inapita kwenye mpira wa silikoni hadi chini kabisa ya dumu.

Hapo kwenye mpira nikuambie. Dumu langu la tatu au la nne nilitumia mpira wa kawaida wa plastiki, ule unaoonyesha ndani. Kwa joto ulilainika kama tambi, ukachomoka kwenye bomba, togwa ikamwagikia mguu wangu wa kulia, nami nilikuwa na kandambili. Togwa ina sukari, inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Nilisimama chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kama wanavyofundisha huku kwenye huduma ya kwanza, na naamini ndiyo yaliyoniokoa na kidonda kibaya zaidi. Usipake dawa ya meno, usipake siagi, usipake chochote. Maji tu, kwa dakika hizo zote 20, kisha nenda hospitali kama malengelenge ni makubwa. Tangu siku hiyo navaa viatu vya kufunika, mpira ni wa silikoni na umekazwa kwa klipu, na watoto hawakanyagi uani mpaka kifuniko kimefungwa.

Jaza mpaka juu kabisa. Ukibakiza nafasi, libane dumu kwa magoti, ukivaa glavu nene, mpaka togwa ifike mdomoni, ndipo ufunge. Kisha lilaze ubavu kwa robo saa, na uligeuze, ili togwa ya moto iguse kila pembe, mkono wake na upande wa ndani wa kifuniko. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu wamechoka, na ndiyo inayofanya kazi yote. Likiwa moto dumu huwa laini. Usilibebe kwa mkono wake, na usiliweke juu ya kitu chenye ncha.

Asubuhi utalikuta limejikunyata, mbavu zimeingia ndani. Usiogope. Kimiminika kikipoa kutoka karibu 100 hadi 20 hupungua ujazo kwa takriban asilimia 4, hivyo lita 20 zimekuwa 19 na kidogo, na dumu limenyonywa kufidia. Kujikunyata huko ni dalili kwamba kifuniko hakivuji. Ukilikuta limevimba, kuna kitu hai ndani kinachotoa gesi. Mwaga. Usionje.

Dumu peke yake haliwezi kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, hilo ni wazi. Jirani yangu hulitupa kwenye bwawa lake la kuogelea, nalo huelea humo kama bata mpaka jioni. Mimi sina bwawa. Naliweka kwenye beseni kubwa la maji, nalifunika kwa kitambaa kilicholowa, na asubuhi naongeza chupa mbili tatu za maji zilizoganda kwenye friza. Hapo ndipo barafu inapolipa, maana imebaki kushusha nyuzi saba au nane tu.

Ladha nayo ina habari yake. Bia yangu ya kwanza ya dumu ilikuwa ya hopsi nyingi za harufu, zile zinazotiwa dakika 10 za mwisho na nyingine baada ya kuzima moto. Nilitegemea harufu ya machungwa na maua. Nikapata uchungu wa kukunja uso. Hopsi hutoa uchungu kadiri zinavyokaa kwenye joto, na togwa ndani ya dumu inabaki juu ya nyuzi 80 kwa muda mrefu. Hopsi nilizodhani zimechemka dakika 10 zilikuwa kama zimechemka nusu saa, na harufu yake ikapungua. Siku hizi kila hopsi ya mwishoni naihesabu kama imeongezewa dakika 15 hadi 20. Zile za mwanzo, za saa nzima, siziangalii sana. Na hopsi za harufu nazitia siku tatu au nne kabla ya kuweka bia kwenye chupa, ikiwa baridi. Mama naye alikuwa na uchungu wake, gome la msesewe, na kipimo chake hakikuandikwa popote, lakini hakuwahi kukosea.

Ukitumia kimea cheupe sana cha shayiri, chemsha dakika 90 bila kufunika. Kimea hicho hutoa harufu inayofanana na mahindi ya kuchemsha au kabeji, na inatoka na mvuke. Ukiifunga togwa mapema, harufu inabaki ndani ya dumu.

Sasa lile sharti la uhai.

Watu wengi huku huweka madumu yao miezi. Chemsha matatu kwa mkupuo, panga gereji, tia hamira moja moja kadiri unavyokunywa. Wanasema hawajawahi kuugua. Siwafuati, na naomba nawe usiwafuate. Kuchemsha kwa nyuzi 100 huua bakteria na hamira za porini, lakini hakuui mbegu za bakteria anayeleta botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua. Mbegu hizo zinapenda mahali pasipo hewa, pasipo uchachu mwingi, penye joto la chumbani. Wataalamu wa vyakula huweka mpaka kwenye pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu umepungua), juu yake hakuna usalama. Togwa ya shayiri huwa karibu na 5.2. Dumu lililobanwa hewa yote likakaa gerejini ni nyumba nzuri kwa mdudu huyo, na sumu yake inaweza kuwamo bila harufu wala kuvimba. Hopsi husaidia kuzuia bakteria kadhaa, lakini sitamwekea mgeni wangu glasi kwa kutegemea hopsi. Bia iliyokwisha kuchachuka ni habari nyingine, hamira imeshusha pH chini ya mpaka huo na pombe imeingia.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwangu ni kwamba dumu lililofungwa usiku linatiwa hamira kesho yake. Likichelewa sana, siku ya pili. Kama najua siku hiyo sitakuwepo, sichemshi. Na kama umebakiwa na togwa kidogo unayotaka kuitunza kwa ajili ya kuamshia hamira ya safari ijayo, ikishapoa itie kwenye vyombo vidogo ugandishe kwenye friza, na siku ya kuitumia ichemshe tena. Kuisindika kwenye chupa ukae nayo kabatini kunahitaji jiko la presha linalofika nyuzi 121, si sufuria.

Dumu likifika nyuzi 19 nalipangusa mdomo kwa kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu, nafungua taratibu, hewa inaingia na sauti ya mvuto. Namimina kwenye chombo cha kuchachulia kutoka juu, kwa fujo, povu lijae. Togwa ya moto haitakiwi kuchafuliwa na hewa, lakini ya baridi inaihitaji, kwa kuwa kuchemsha kumeiondolea oksijeni yote na hamira inaitaka ili izaliane. Mashapo yaliyotulia chini ya dumu nayaacha, ingawa kikombe kimoja kikiponyoka hakiharibu bia. Pakiti moja ya hamira ya gramu 11 juu yake, kifuniko, na kizibo cha maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa.

Mdogo wangu, dumu unalo tayari, lile jeupe uliloniletea maji nilipokuja Desemba. Tazama kitako chake kwanza. Na kandambili ziache ndani.