Gari linalovutwa halijapumzika

Haya nawaandikia vijana mnaoanza kazi kwenye timu za kuchimba visima huku Dodoma na Singida. Siku ya kwanza mtakuta lori lenye vitanda na jiko, ndiyo nyumba yenu kwa wiki kadhaa, na nyuma yake kigari cha kwendea kijijini kufuata mboga, maji ya kunywa na vipuri. Dereva ni mmoja, kwa hiyo kigari kinavutwa. Kazi ya kukifunga hupewa mgeni. Mimi nimeifanya miaka kumi na moja.

Kabla hujashika spana, uliza giaboksi ni ya aina gani. Watu wengi wanaamini ukishaweka gia frii gari limepumzika. Halijapumzika hata kidogo. Matairi yanazunguka, na yanazungusha vyuma vya ndani safari nzima. Kwenye gari la otomatiki, pampu inayosukuma oili ya giaboksi inaendeshwa na injini. Injini imezimwa, pampu imelala, vyuma vinasagana vikavu.

Hilo nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa pili tuliazima gari dogo la otomatiki la mwalimu mmoja, tukalivuta kutoka Manyoni, magurudumu yote manne chini, gia frii. Bahi tuliposimama kunywa chai nikasikia harufu kama ya pilipili iliyoungulia kwenye kikaango. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Asubuhi ilikuwa nyekundu, sasa nyeusi, na nilipoisugua kati ya vidole nilihisi chenga. Gari lile halikuingia gia tena. Tulikatwa mishahara miezi minne, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mwalimu yule alikuwa bado analipa mkopo wa gari hilo.

Kwa hiyo, wadogo zangu, tafuteni kitabu cha gari mkisome. Magari yetu mengi yametoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani. Pakueni cha Kiingereza cha modeli hiyohiyo. Vingine vinaruhusu kuvuta kwa mwendo mdogo na umbali mfupi, vingine vinakataza kabisa. Gari la otomatiki linalosukumwa na matairi ya mbele, pandisha matairi hayo juu ya kitela kidogo. Linalosukumwa na ya nyuma, fungua propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi matairi ya nyuma. Lile ambalo magurudumu yote manne yanasukuma wakati wote, lipakie lote juu ya tela. Sisi tunatumia Suzuki ya zamani ya gia za mkono, yenye kishikio cha fo-wili (cha kusukumisha magurudumu yote manne) chenye nafasi ya N, yaani frii. Kishikio kinakaa hapo, na kijiti cha gia za kawaida kinakaa pale kitabu kinaposema. Usikisie.

Ukifungua propela, kwanza piga mstari wa rangi pale inapokutana na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ili ukiirudisha ikae ilivyokuwa. Isipofanana, gari litatetemeka. Bolti zake tia kwenye kopo lenye kifuniko, si mfukoni.

Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi, fremu inayobeba gari zima. Bampa ni bati tu. Kikifungwa kikae karibu sawa na ardhi, kisiinuke upande wa lori zaidi ya upana wa kiganja, maana kikiwa na mwinamo mkubwa, kila breki inakisukuma kigari kuelekea chini ya lori. Minyororo miwili ipite chini ya chuma hicho na ipishane kama herufi X. Pini ikikatika, chuma kitaangukia kwenye X badala ya kuchimba lami.

Ufunguo usiwe kwenye LOCK, maana usukani ukijifunga matairi ya mbele hayafuati kona, yanaburuzwa. Ufunguo huohuo ukiwashwa kidogo unakula betri, basi ondoa waya mmoja wa betri au fyuzi inayohusika. Hendibreki ishushwe. Taa za nyuma za kigari ziwake pamoja na za lori. Sisi tumezifunga kwenye ubao wenye waya wake.

Breki zinategemea uzito. Lori letu la tani kumi halihangaiki na Suzuki ya tani moja. Lakini Marekani, ambako watu huvuta gari dogo nyuma ya nyumba zao za magurudumu, majimbo mengi yanataka kinachovutwa kiwe na breki zake kikizidi kilo 1,360 hivi. Wanafunga mashine inayokanyaga pedali, na waya wa kuiamsha kigari kikichomoka. Kama unavuta kwa pikapu, fikiria sana jambo hilo kabla ya kuteremka kutoka Manyoni kwenda bondeni Bahi. Na usimweke mtu ndani ya kigari eti atakusaidia breki. Injini ikiwa imezimwa, busta, kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki, inaishiwa nguvu baada ya kukanyaga mara chache na pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Kilomita kumi za kwanza, simama. Sogeza kiganja karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu. Habu moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki imeshika au beringi inakufa. Kaza kila nati upya.

Kurudi rivasi ukiwa umefunga, hapana. Matairi ya mbele ya kigari yatajikunja upande mmoja, na chuma kitapinda kabla dereva hajasikia chochote. Mkipotea njia ya kijiji huko Kondoa na hakuna pa kugeuzia, shukeni. Wekeni mawe nyuma na mbele ya matairi ya kigari, mwambie dereva asogee kidogo mpaka pini ilegee, ndipo uichomoe kwa mkono. Isipotoka kwa mkono bado ina mzigo, na nyundo hapo itakuondolea kidole.