Waipa mpya, kioo bado kina utando: anza na kioo

Salaam mkuu. Umesema raba za waipa ni mpya zote mbili, lakini mvua ikinyesha usiku kioo kinabaki na utando upande wa dereva na taa za magari yanayokuja zinatawanyika. Mimi nisingenunua raba nyingine kwanza. Raba mpya kwenye kioo chenye mafuta inayasambaza tu.

Moshi wa malori ya dizeli na ile nta wanayopaka waosha magari hung'ang'ania kioo, maji matupu hayavitoi. Osha kioo kwa sabuni ya vyombo, suuza sana, kausha, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti. Mwagia maji: yakijikusanya matone badala ya kutandaa, rudia (isipokuwa kama uliwahi kupaka dawa ya kufukuza maji). Halafu futa ukingo wa raba kwa spiriti hiyohiyo mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi. Petroli hapana, inaharibu raba. Na ukiinua mkono wa waipa tandika taulo kwenye kioo, maana ukijirudia kwa kishindo unaweza kukipasua.

Bado? Tazama alama yenyewe. Mstari mmoja mwembamba ni mchanga au raba iliyochanika. Sehemu pana isiyofutwa kabisa, mkono haugandamizi: springi imechoka au mkono umepinda, na hapo hata raba ya bei mbaya haisaidii.

Kwenye tangi la maji ya waipa umeweka nini? Kama ni sabuni yenye povu jingi, imwage.